Kusoma na Kuandika Kiingereza kwa Mwanafunzi Anayeanza: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Mwanafunzi aliyezoea kusoma Kiswahili huingia katika Kiingereza akiwa na mazoea mawili yanayomfaa sana katika lugha yake na kumkwaza katika lugha hiyo ngeni. Zoea la kwanza ni kuamini kwamba kila herufi iliyoandikwa hutamkwa, na kwamba hutamkwa vilevile popote ilipo. La pili ni kutarajia kitenzi kimoja kibebe mtenda, wakati na tendo lenyewe kwa pamoja, kama neno "anasoma" linavyofanya. Makosa mengi ya wanaoanza, katika kusoma na katika kuandika, hutokana na mazoea hayo mawili.

Njia inayofuatwa hapa ni moja: kifungu kifupi husomwa mpaka kieleweke kabisa, kisha kifungu hichohicho huwa malighafi ya kuandika. Wanafunzi wengi husoma kitabu kimoja asubuhi na jioni wakaandika insha juu ya jambo jingine kabisa, kwa maneno ambayo hawajawahi kuyaona yakitumika, na ndiyo maana insha zao hujaa sentensi za Kiswahili zilizovishwa maneno ya Kiingereza. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: daftari, penseli, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na baadaye kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi.

Hatua ya kwanza: kupatanisha herufi na sauti

Alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26, lakini sauti za lugha hiyo, kwa hesabu inayotumika sana katika kufundisha matamshi ya Uingereza, ni takriban 44, na kati yake takriban 20 ni za irabu. Kiswahili kina irabu 5 tu, na kila moja ina herufi yake. Tofauti hii ina historia. William Caxton alipoanzisha uchapaji mjini Westminster mwaka 1476, matamshi ya irabu ndefu za Kiingereza yalikuwa katikati ya mabadiliko makubwa. Tahajia ikaanza kuganda katika vitabu huku vinywa vya watu vikiendelea kubadilika. Herufi "k" ya "knife" na "gh" ya "night" ni mabaki ya sauti zilizowahi kutamkwa. Kwa hiyo mwanafunzi asitafute mantiki katika kila neno, ingawa mantiki ipo katika maneno mengi kuliko inavyodhaniwa.

Anza na konsonanti, kwa sababu hapo Mswahili ana mtaji. Sauti mbili za "th", ambazo huwatesa wageni wengi wa Kiingereza, tayari anazo: "think" huanza kama "thelathini", na "this" huanza kama "dhahabu". Mwisho wa "sing" ni ile sauti ya "ng'ombe", na katikati ya "finger" ni sauti ya "ngoma". Yanayobaki kujifunza ni machache. Herufi "c" husomwa kama "k" inapotangulia a, o au u, kama katika "cat", na kama "s" inapotangulia e, i au y, kama katika "city". Herufi "g" mara nyingi hufuata mtindo huohuo, kama katika "go" na "giant", ingawa maneno ya kila siku kama "get" na "give" huuvunja. "Ph" ni "f".

Irabu ndizo zinazohitaji muda. Soma kwa sauti jozi hizi: "mat" na "mate", "kit" na "kite", "hop" na "hope", "cub" na "cube". Herufi "e" iliyo mwishoni haitamkwi. Kazi yake ni kubadilisha irabu iliyotangulia. Ukiielewa kanuni hii umeelewa pia kwa nini "hopping", yaani kurukaruka, huandikwa kwa "p" mbili, na "hoping", yaani kutumaini, kwa "p" moja: herufi inaporudiwa huilinda irabu fupi isibadilike. Kanuni hiyo moja huokoa mamia ya maneno katika kuandika.

Baada ya hapo shughulikia irabu ambazo sikio lililozoea Kiswahili huelekea kuzisikia kama moja. Maneno "bad", "bud", "bard" na "bird" yana sauti nne tofauti, lakini mwanafunzi asiye mwangalifu huyasoma yote kwa "a" ileile, kisha siku ya kuandika anashindwa kujua ni lipi alilolisikia. Hali ni hiyohiyo kwa "ship" na "sheep", "live" na "leave". Sikiliza jozi hizo zikitamkwa katika kamusi zenye sauti, uzirudie, na uziandike huku ukizitamka.

Tenga katika daftari ukurasa mmoja kwa kila mtindo wa tahajia badala ya kupanga maneno kwa alfabeti. Ukurasa wa "igh" utapokea "night", "light", "right" na "high" kadiri unavyokutana nayo. Ukurasa wa "ea" utagawanywa sehemu mbili, moja ya "meat" na nyingine ya "head". Maneno yaliyogoma kuingia popote, kama "said", "one", "people", "though", "through" na "tough", yawe na ukurasa wao wa wakaidi, na yakaririwe mazima kwa macho na kwa mkono.

Jambo la mwisho katika sauti ni miisho. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na ulimi hutaka kuyamalizia hivyo hata maneno ya Kiingereza: "desk" huwa "deski". Wengine hufanya kinyume, wakaidondosha konsonanti ya mwisho. Kosa hili linaonekana dogo, kumbe katika Kiingereza mwisho wa neno ndipo sarufi inapokaa: "s" ya wingi, "s" ya kitenzi na "ed" ya wakati uliopita. Asiyeisoma miisho hiyo kwa sauti huisahau anapoandika. "Ed" yenyewe ina matamshi matatu: katika "looked" husikika kama "t", katika "played" kama "d", na katika "wanted" ndipo inapoongeza silabi kamili.

Hatua ya pili: kuchagua cha kusoma

Kifungu kigumu mno hakifundishi kusoma. Hufundisha kufungua kamusi. Utafiti wa msamiati umeonyesha kwamba msomaji huelewa vizuri bila msaada anapokuwa anayajua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake. Kwa ukurasa wa maneno 250 hiyo ni sawa na maneno magumu 5. Kipimo hiki ni chepesi kutumia: fungua ukurasa wowote, hesabu maneno usiyoyajua, na yakizidi hayo 5 kiweke kitabu hicho kando kwa ajili ya baadaye. Kwa kusoma pamoja na mwalimu au kwa kamusi, unaweza kuvumilia mara mbili ya hapo.

Habari njema ni kwamba Kiingereza hurudia maneno yake sana. Maneno 100 yanayotumika zaidi huchukua takriban nusu ya maandishi ya kawaida, na mwalimu Michael West alipochapisha orodha yake ya msamiati wa msingi mwaka 1953, maneno makuu yake yalikuwa takriban 2,000 tu. Vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa kwa ngazi hutungwa kwa misingi ya namna hiyo, na mtu mzima asione haya kuvisoma. Kusoma vitabu vyepesi kwa wingi hujenga kasi, na pasipo kasi msomaji hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake.

Hatua ya tatu: kukisoma kifungu mara tatu

Tuchukue kifungu hiki:

*The bus stopped near the bridge. Two men got off and looked at the river. It had risen during the night, and the road on the other side was under water. Although the driver wanted to go on, the passengers asked him to wait.*

Mara ya kwanza soma mpaka mwisho bila kusimama, bila kamusi, kisha sema kwa Kiswahili ulichokielewa: basi limesimama, kuna mto na maji, na kuna watu wasiokubaliana na dereva. Hiyo inatosha. Mwanafunzi anayesimama kwenye kila neno geni huona maneno asiione habari.

Mara ya pili soma kwa penseli, sentensi baada ya sentensi, ukipigia mstari kitenzi na kumtafuta mtenda wake. Katika sentensi ya pili vitenzi ni viwili, "got off" na "looked", na mtenda wa vyote viwili ni "two men". Angalia kwamba "got off" ni kitenzi kimoja chenye maneno mawili, chenye maana ya kushuka. Ukilitafuta "got" peke yake katika kamusi utapotea. Vivyo hivyo "go on" ni kuendelea. Vitenzi vya namna hii ni vingi mno katika Kiingereza, na viandikwe daftarini vikiwa pamoja na kijineno chake.

Sasa tazama neno "it" katika sentensi ya tatu. Ni kitu gani kilichopanda usiku? Kiswahili kingetuambia papo hapo, kwa kuwa "ulikuwa umepanda" huelekeza kwenye mto, ilhali "lilikuwa" lingeelekeza kwenye basi au daraja. Kiingereza hakina ngeli za kukusaidia: "it" ingeweza kuwa basi, daraja au mto, na ni maana peke yake inayoamua. Kwa sababu hiyo, kila unapokutana na "it", "they", "this" au "which", chora mshale kuelekea neno linalorejelewa. Zoezi hili dogo huondoa sehemu kubwa ya kutoelewa kunakosingiziwa msamiati.

Katika sentensi hiyohiyo kuna "had risen". Basi lilisimama, lakini mto ulikuwa umepanda kabla ya hapo. "Had" ndiyo inayorudisha tendo nyuma ya tendo jingine lililopita. Ungesoma "rose" badala yake, mpangilio wa matukio usingekuwa wazi namna hiyo. Nayo "although" inayofungua sentensi ya mwisho inakuonya mapema kwamba kinachokuja kitapingana na matakwa ya dereva. Viunganishi kama "although", "however", "because", "therefore" na "unless" ni vichache na vinastahili kukaririwa mapema, kwa sababu ndivyo vinavyoonyesha hoja inakogeukia.

Baada ya hapo tu ndipo kamusi ifunguliwe, na si kwa kila neno. Kwanza kisia maana kwa kutumia sentensi nzima na umbo la neno: anayelijua "help" anaweza kukisia "helpful", "helpless" na "helper". Ukifungua kamusi, usichukue maana ya kwanza iliyoorodheshwa. Soma zote uchague inayokubaliana na sentensi yako, kisha andika neno pamoja na sentensi hiyo. Kwa kitenzi kisichofuata kanuni andika maumbo yake matatu, mathalani "rise, rose, risen".

Mara ya tatu soma kwa sauti, kwa mtiririko, ukizingatia miisho na mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza huuhamisha, kiasi kwamba "photograph" hukazwa mwanzoni na "photographer" kwenye silabi ya pili. Kamusi huonyesha mkazo kwa alama ndogo kabla ya silabi husika.

Hatua ya nne: kunakili, kufunika na imla

Watu hudharau kunakili, lakini kwa anayeanza ni zoezi lenye faida kubwa likifanywa kwa akili. Tazama kundi zima la maneno, kwa mfano "during the night", lifunike, liandike kwa kumbukumbu, kisha linganisha. Anayenakili herufi moja moja huku macho yakienda na kurudi hajifunzi chochote isipokuwa mwandiko. Siku inayofuata mwombe mtu akusomee kifungu kwa imla, au jirekodi ukikisoma na ujisikilize. Makosa utakayoyafanya hapo ni taarifa muhimu: "stop" mahali pa "stopped" inakuonyesha kwamba sikio lako halijaanza kusikia miisho.

Hatua ya tano: kujenga sentensi

Sentensi ya Kiingereza huhitaji kiima kinachoonekana na kitenzi kilichokamilika. "Anangoja" ni sentensi kamili kwa neno moja. Kiingereza hudai "He is waiting" au "She is waiting", na hapo inabidi uamue kama ni mwanamume au mwanamke, jambo ambalo Kiswahili hakikulazimishi kulifikiria. Ndiyo maana "he" na "she" huchanganywa hata na watu wenye elimu kubwa. Kwa upande mwingine, kiima kisirudiwe: "Kaka yangu yeye anafanya kazi" hukubalika katika mazungumzo yetu, lakini "My brother he works" ni kosa.

Panua sentensi kidogo kidogo ukitumia maneno ya kifungu ulichokisoma. Anza na "The driver waited." Ongeza mahali: "The driver waited near the bridge." Ongeza sababu: "The driver waited near the bridge because the road was under water." Kila nyongeza ina nafasi yake, na kivumishi hukaa kabla ya nomino, kinyume cha Kiswahili: "the old driver". Kisha iga mfumo kwa habari yako mwenyewe: "Although the teacher wanted to begin, the students asked her to wait." Hapo umetunga sentensi ngumu kiasi bila kubahatisha, kwa sababu mifupa yake umeiazima kwa mtu aliyejua kuijenga.

Mambo mawili yatakusumbua kwa muda mrefu, nayo yaendelee kufuatiliwa bila haraka. Moja ni vijineno "a", "an" na "the". Kwa kuanzia, tumia "a" au "an" kwa kitu kimoja kinachohesabika unapokitaja mara ya kwanza, na "the" pale msomaji anapojua ni kipi. Uchaguzi kati ya "a" na "an" hufuata sauti, wala si herufi: "an hour", kwa kuwa "h" haitamkwi, lakini "a university". La pili ni vihusishi. Kiambishi "-ni" na neno "kwenye" hutosheleza sehemu nyingi katika Kiswahili, ilhali Kiingereza hutaka uchague "in" kwa ndani, "on" kwa juu ya kitu na "at" kwa mahali palipo kama nukta. Kanuni husaidia nusu ya safari. Nusu nyingine ni kuvikariri pamoja na maneno yake, kama "on the other side" ilivyo katika kifungu chetu.

Alama za uandishi zina kanuni chache. Sentensi huanza kwa herufi kubwa na kuishia kwa nukta, alama ya kuuliza au ya mshangao. "I" huandikwa kwa herufi kubwa popote ilipo, vilevile majina ya siku, miezi, lugha na mataifa. Mkato peke yake hauna nguvu ya kuunganisha sentensi mbili kamili.

Hatua ya sita: aya

Fumba kitabu na uandike upya kifungu ulichokisoma kwa maneno unayoyakumbuka, kisha ulinganishe na cha asili. Ukiweza hilo bila shida, andika aya yako ya sentensi tano hadi saba juu ya jambo linalofanana nacho. Sentensi ya kwanza itaje jambo lenyewe. Zinazofuata zilieleze kwa mpangilio wa wakati, wa mahali au wa sababu. Sentensi isiyohusiana na ile ya kwanza iondolewe, hata kama ni nzuri. Andika moja kwa moja kwa Kiingereza. Atungaye kwa Kiswahili kisha akatafsiri, au akaipa programu ya intaneti imtafsirie, hupata aya asiyoweza kuirudia kesho. Programu hizo zina nafasi yake baada ya kuandika, kwa kulinganisha.

Hatua ya saba: kusahihisha kwa awamu

Iache aya yako kwa saa kadhaa au mpaka kesho yake. Kisha isome mara nne, kila mara ukitafuta aina moja tu ya kosa, kwa sababu jicho linalotafuta kila kitu hukosa vingi. Chukua aya hii ya mfano:

*My sister she work in a office. He go there every day by bus, yesterday she arrive late because the bus have stop at the bridge.*

Awamu ya kwanza ni ya mipaka ya sentensi: mkato ulio baada ya "bus" umebandika sentensi mbili pamoja, kwa hiyo iwekwe nukta na "Yesterday" ianze kwa herufi kubwa. Awamu ya pili ni ya kiima: "she" ya kwanza imerudia "my sister" bure, na "he" haimhusu dada. Awamu ya tatu ni ya vitenzi, nayo ndiyo ndefu: "work" na "go" huhitaji "works" na "goes" kwa sababu mtenda ni mmoja wa nafsi ya tatu katika wakati uliopo, "yesterday" inadai "arrived", na kusimama kwa basi kulitangulia kuchelewa, kwa hiyo "had stopped", kwa "p" mbili. Awamu ya nne ni ya vijineno na tahajia: "an office". Matokeo ni haya:

*My sister works in an office. She goes there every day by bus. Yesterday she arrived late because the bus had stopped at the bridge.*

Katika tahajia chagua mfumo mmoja, wa Uingereza au wa Marekani. Kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828 ilisaidia kueneza maumbo kama "color" na "center" nchini Marekani, huku Uingereza ikibaki na "colour" na "centre". Yote ni sahihi, ila yasichanganywe katika maandishi mamoja.

Nyuma ya daftari weka orodha ya makosa yako mwenyewe, kila kosa likiwa na sentensi uliyokosea na iliyosahihishwa. Isome orodha hiyo kabla ya kuanza kuandika aya mpya. Kosa lisilojitokeza katika aya kadhaa mfululizo lifutwe, na litakaporudi liandikwe upya. Dakika 30 kila siku, theluthi mbili zikiwa za kusoma na theluthi moja ya kuandika, zina faida kuliko saa tatu za mwisho wa juma. Orodha ya makosa ikianza kupungua huku maneno magumu yakiwa chini ya 5 kwa ukurasa, hamia kwenye kitabu cha ngazi inayofuata na uanze tena kwa kifungu cha kwanza cha kitabu hicho.